Futi ya fundi na mwezi mpevu

Nilicheza netiboli miaka kumi na moja, karibu yote nikiwa senta. Senta haingii kwenye nusu duara za magoli, lakini uwanja mwingine wote ni wake, na mimi niliukimbia kweli. Goti la kushoto lilipokataa, nikaenda Chuo cha Michezo Malya, kule Kwimba, nikarudi na stashahada na kukabidhiwa timu ya sekondari moja ya kandokando ya Ziwa Viktoria, Ilemela, Mwanza.

Timu ile ilininyima usingizi. Mazoezini mfungaji wetu alikuwa hakosi. Tukienda UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, ngazi ya wilaya, mpira unagonga chuma, unatoka. Unagonga chuma, unatoka. Watu wakasema binti anaogopa watazamaji. Nami nilimfokea mbele ya wenzake.

Mwaka wa pili ndipo nilipoazima futi kwa fundi aliyekuwa anajenga choo cha shule. Goli letu lilikuwa na urefu wa mita 2 na sentimita 70, pete ina upana wa sentimita 45. Sheria inataka mita 3.05, na pete ya sentimita 38. Mtoto wa watu alizoezwa miaka miwili kwenye goli ambalo hangelikuta mashindanoni popote. Nilimwita, nikamwonyesha vipimo, nikamwomba msamaha.

Akanyamaza kidogo. "Kwa hiyo, Madam, nilikuwa nalenga sawa?"

"Ulikuwa unalenga sawa, mwanangu."

Shule haikuwa na fedha. Nikaenda Mabatini kwa mchomeleaji: mabomba mawili, nondo ya milimita 16 kwa ajili ya pete, nikalipa kwa awamu tatu kutoka kwenye mshahara wangu. Wasichana wenyewe walichimba mashimo na kukoroga zege. Wiki za mwanzo mabao yalikauka kabisa, wengine wakataka turudishe magoli ya zamani. Nilikataa. Bao la kwanza la binti yule kwenye nguzo mpya nalikumbuka kuliko yote niliyowahi kushangilia.

Utoro nao ulinisumbua. Kuna wiki wachezaji kumi na wawili, kuna wiki wanne. Nilishawaandikia wazazi barua kali, hadi mama mmoja wa mwaloni, kule mitumbwi inakoshusha dagaa, akanijia: "Mwalimu, wewe huutazami mwezi?" Akanieleza. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, ndipo wanapoifuata taa. Siku hizo mabinti huanika asubuhi na kuanua jioni, saa zile zile za mazoezi yangu. Mbalamwezi ikiwaka, mitumbwi inapumzika na mabinti wako huru. Barua nikazichana. Mazoezi mazito nikayapeleka kwenye mbalamwezi, ya giza nikayaweka Jumamosi asubuhi wakishaanika, mafupi.

Nilipoteuliwa kuwa afisa michezo, nilinunua futi yangu kabla ya filimbi mpya. Shule nyingi nilizopita zilikuwa na magoli kama yale. Maombi yangu ya "vifaa vya netiboli" yalirudi mara mbili, huku mipira ya soka ikipita. Mara ya tatu niliandika mabomba, nondo, mifuko ya saruji na chokaa, nikataja bei za dukani na kuambatisha picha ya futi ikiwa imeegemezwa kwenye goli fupi. Yakapitishwa.

Ligi ya wasichana ya shule za mwambao naipanga mimi mwenyewe. Fainali ni mwezi ukiwa mpevu.