Umekwisha, mwanangu

Harusi ya Zuhura imepita salama, barua ya uhamisho wa Korogwe nayo imefika, nitaieleza siku nyingine. Mimi bado nimesimama pale uani, penye masufuria, nilipokwenda kumwamkia shangazi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Ee, mwanangu! Mbona umekwisha hivi? Mkeo hakupi chakula?"

Mama Rukia, mke wangu, alikuwa hatua mbili tu kutoka hapo, anapakua pilau. Wanawake wa ukoo mzima wakanyamaza. Mimi nikacheka. Nikasema, "Nipo salama shangazi, alhamdulillah," nikaondoka zangu.

Kicheko kile ndicho kinachoninyima usingizi. Tangu Oktoba mke wangu anapima wali kwa kikombe, kaacha kukaanga maandazi ya asubuhi, anatembea nami alfajiri hadi Raskazone na kurudi. Kilo tisa zimetoka. Kiuno kimeshuka kutoka sentimita 112 hadi 103, na kwa mwanaume wanataka kisifike 94. Kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu kilikuwa asilimia 8.9, sasa ni 6.9. Kazi yake yote hiyo, nami nikaicheka mbele ya watu.

Nimeshapanga jibu mara ishirini. Ningemwambia: shangazi, tumbo lile mlilolisifu halikuwa afya. Daktari aliponitajia "uvimbe" nilijipapasa nikitafuta jipu, kumbe uvimbe wenyewe hauonekani. Alinichorea seli ya mafuta kama gunia lililoshindiliwa mpaka nyuzi zinaachia. Seli nyeupe za damu huja pale kama zinavyokuja kwenye kidonda, ila kidonda hiki hakifungi, nazo zinamwaga kemikali zake usiku na mchana. Kemikali hizo zinafika kwenye misuli na ini, zinavuruga ujumbe wa insulini, homoni inayoziambia seli zipokee sukari. Insulini ninayo, tena kwa miaka kongosho limekuwa likitoa nyingi kupita kiasi hadi likaanza kuchoka. Mwili ndio hauisikii. Na sisi wanaume mafuta hukimbilia tumboni, katikati ya matumbo, mahali pabaya kuliko pote.

Nilisoma pia kwamba mwaka 1993 watafiti wa Boston waliikuta kemikali mojawapo, TNF, kwenye mafuta ya panya wanene, na walipoizuia insulini ikafanya kazi vizuri zaidi. Kwetu sisi watu haikuwa rahisi hivyo. Metfomini, dawa ya kisukari, nameza kila siku, lakini gunia lenyewe lazima lipunguzwe.

Hayo yote ningeyasema pale uani, na Mama Rukia angeyasikia.

Alhamisi, nikisaka cheti changu cha kuzaliwa kwa ajili ya uhamisho, nikakuta picha ya baba, Idi ya mwaka 1998. Shingo imekuwa nyembamba, kanzu inaning'inia. Mwaka ule alikuwa anaamka usiku kucha kunywa maji na kukojoa, anakula vizuri na bado anakonda, chakula kinatoka na mkojo. Hatukujua ni kisukari hadi kidonda cha mguu. Aliyekiosha kidonda kile kila asubuhi, mpaka walipoukata mguu, ni dada yake. Shangazi.

Nikakaa chini na ile picha. Shangazi hajui kukonda kwa namna nyingine.

Jana nikampigia. Alinisikiliza, kisha akauliza taratibu, "Kwa hiyo sukari ya baba yako na wewe unayo?"

"Ninayo, shangazi. Lakini huku kupungua ni dawa. Mke wangu ndiye anayenisaidia."

Akanyamaza kwa muda mrefu, nikadhani salio limekwisha.

"Mpe simu mkeo."

Mama Rukia akaingia nayo chumbani, akafunga mlango. Wameongea karibu nusu saa. Sijamwuliza wamesema nini, ila alipotoka alikuwa amelia na uso wake umelegea.

Fundi wa bati hapokei simu tangu Jumatano. Pesa anayo, bati la chumba cha Rukia liko chini, na jioni hii mawingu yamekaa vibaya upande wa baharini.