Wao wanasogeza saa, darasa langu ndilo linalohama

Jumatatu ya tarehe 11 Machi 2024, saa moja usiku kasoro dakika tano, niliwasha kompyuta kuwasubiri wanafunzi wangu watatu wa New York. Nafundisha Kiswahili kwa wageni kwa njia ya intaneti, nikiwa nyumbani kwangu Jang'ombe, Unguja, na kundi hili husoma Jumatatu na Jumatano. Nilipofungua nikakuta jumbe tatu zinaningoja. Wa kwanza uliingia saa kumi na mbili na dakika sita: "Shikamoo Mwalimu, tuko tayari." Wa pili, dakika kumi baadaye: "Mwalimu, upo?" Wa tatu: "Tunaomba uwe salama. Sasa tunarudi kazini."

Ule wa tatu uliniumiza. Watu hawa wameomba ruhusa kwa wakubwa wao waache kazi saa tano asubuhi, mara mbili kwa wiki, wajifunze lugha yangu. Na mimi wakati wao wananiita nilikuwa jikoni nachambua choroko, kwa sababu wiki ile Ramadhani ilikuwa inaingia, simu nimeiacha chumbani inachaji.

Kilichotokea ni kwamba Jumapili, siku moja kabla, Marekani walisogeza saa zao mbele kwa saa moja. Majira ya baridi saa tano asubuhi ya New York ni saa moja usiku Unguja. Wakishasogeza, saa tano ile ile inakuwa saa kumi na mbili jioni kwetu. Wao walikuja kwa wakati wao wa kila siku, mimi nikakaa kwa wakati wangu wa kila siku, na tukapishana saa nzima. Kipindi kile niliwafidia bila malipo.

Si kwamba sikuwa najua kabisa habari ya kusogeza saa. Nilikuwa na mwanafunzi wa London tangu mwaka uliotangulia, na nilijua Ulaya hubadilisha mwisho wa Machi. Kosa langu lilikuwa kudhani Marekani wanafuata siku hiyo hiyo. Hawafuati. Tangu mwaka 2007 Marekani wanasogeza mbele Jumapili ya pili ya Machi na kurudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Ulaya wanasogeza Jumapili ya mwisho ya Machi na kurudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Kwa hiyo kila Machi kuna wiki mbili au tatu ambazo Marekani wameshahama na Ulaya bado, na mwisho wa Oktoba kuna wiki moja ambayo Ulaya wamesharudisha na Marekani bado. Na hata ndani ya Marekani kwenyewe, Hawaii hawagusi saa zao, na sehemu kubwa ya Arizona vile vile.

Usiku ule nilimpigia mama, yuko Wete, Pemba. Nilitaka kumweleza tu kilichonisibu. Baada ya shikamoo na marahaba, akauliza, "Kwani jua lao wamelifanyaje?"

"Jua liko vile vile, mama. Saa ndiyo wameisogeza."

Akanyamaza kidogo. "Basi Waislamu wa huko wanaswali vipi?"

Swali hilo sikuwa nimelifikiria, na ndilo lililonifanya nilielewe jambo lenyewe. Swala inafuata jua. Basi London Jumamosi ya mwisho kabla ya mabadiliko Maghrib, swala ya jua kuzama, inaingia kama saa kumi na mbili na nusu, na kesho yake Jumapili inaingia kama saa moja na nusu. Jua halikuchelewa hata kidogo. Ni mshale uliosogezwa. Ratiba ya msikiti inaruka saa nzima kwa usiku mmoja.

Sisi hatuna haja ya kitu hiki, na mwanafunzi akiniuliza kwa nini, humwambia atazame ramani. Tuko jirani na ikweta. Hapa Unguja jua mwaka mzima linazama takriban kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo, hivyo tofauti ya mwezi na mwezi ni ya dakika tu. London mwezi wa Juni jua linachomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri na linazama baada ya saa tatu usiku. Desemba linazama kabla ya saa kumi jioni. Ukiwa na mwanga mwingi kiasi hicho wakati watu wamelala, unaona kwa nini mtu alifikiria kuvuta saa. Wajerumani walianza tarehe 30 Aprili 1916, katikati ya vita, kwa nia ya kuokoa makaa ya mawe, na Waingereza wakafuata mwezi uliofuata. Vita viliisha, Waingereza wakaendelea kusogeza saa. Mwaka 2019 Bunge la Ulaya lilipiga kura ya kuacha, lakini nchi wanachama hazikukubaliana, na mpaka Machi ile watu wa huko walikuwa bado wanaamka mapema kwa saa nzima kila mwaka.

Turudi kwenye darasa. Jumatano ya wiki ile nilikuwa tayari saa kumi na mbili jioni kamili, nimefunga, na mkate wa kumimina uko jikoni. Hapo ndipo nilipouona ugumu wenyewe, kwa sababu Machi Maghrib inaingia kama saa kumi na mbili na nusu, katikati ya kipindi. Niliweka tende tatu na glasi ya maji pembeni ya kompyuta, pahala ambapo kamera haioni. Tulikuwa kwenye ngeli ya KI-VI. Adhana ikaanza msikitini, mara misikiti mingine ikaitikia, na sauti ikaingia yote kwenye kipaza sauti. Wanafunzi wakanyamaza. Nikasema, "Samahani, naomba dakika moja nifungue," nikala tende moja, nikanywa maji, nikarudi kwenye "kitabu hiki kizuri". Nilimaliza somo, lakini mume wangu na watoto walifutari bila mimi, na Maghrib niliiswali kwa kuchelewa. Kwa muda wa dakika thelathini nilikuwa nafundisha na moyo uko kwenye mkeka wa futari.

Nikaona hapana, kwa mtindo huu sitafika Idd.

Kuna walimu wenzangu wanaosema suluhisho ni rahisi, mwalimu ashikilie saa yake na mwanafunzi ajipange. Mimi sikubali. Mwanafunzi wa New York ana bosi, na wa London ana mtoto wa kumchukua skuli, na ratiba hizo zimesogea pamoja na saa ya nchi yao. Ukimwambia aje saa ile ile ya Zanzibar, unamtoa kwenye mapumziko yake na kumwingiza katikati ya kazi. Lakini pia sikubali mwalimu aubebe mzigo wote peke yake kwa sababu ni yeye anayelipwa. Basi niliwaandikia wote ujumbe mmoja, nikasema wazi: miezi kumi na moja nitafuata saa yenu, na mwezi wa Ramadhani nawaomba mfuate yangu. Nilikuwa na hofu kwamba nitawapoteza. Kundi la New York walijibu siku ile ile, wakakubali tusome baada ya Tarawehe, swala ya usiku ya Ramadhani, saa tatu na nusu usiku, ambayo kwao ni saa nane na nusu mchana. Mmoja akauliza Tarawehe ni nini, na maelezo yake yakawa nusu ya kipindi.

Kwa London niliwahi mapema safari hii. Mwanafunzi wangu huyo ni mama mtu mzima anayejifunza ili azungumze na wakwe zake wa Mombasa. Tulikuwa tukisoma Jumanne saa kumi na mbili jioni yake, saa tatu usiku yangu. Tarehe 31 Machi saa yao ingesogea, na kipindi kingeangukia saa mbili usiku, Tarawehe yenyewe. Wiki mbili kabla nilimweleza, tukakubaliana saa yao ikisogea tuhamie Jumamosi saa nne asubuhi yangu, saa mbili asubuhi yake, mpaka Idd ipite. Nchi za Ulaya zinazobadilisha saa husogeza kwa pamoja, na dakika hiyo kwetu ni saa kumi alfajiri. Alfajiri ya tarehe 31 nilikuwa macho nakula daku na watu wangu. Nikatazama simu, nikamwambia mume wangu, "Sasa hivi London imeruka."

Baada ya Ramadhani nilikaa kitako kupanga vizuri. Kitu cha kwanza nilichogundua ni kwamba kalenda ya simu yangu ilikuwa imenidanganya kwa sababu niliiandika vibaya: kila kipindi nilikiingiza kwa saa za Dar es Salaam, ambazo hazihami. Siku hizi kipindi cha New York nakiandika kwa saa za New York na cha London kwa saa za London, na simu yenyewe inakisogeza inapobidi. Pili, Januari nikishika daftari jipya naandika Jumapili nne ukurasa wa mwanzo, mbili za Machi, moja ya Oktoba, moja ya Novemba. Ijumaa kabla ya kila moja natuma ujumbe wenye saa yao na saa yangu, na yangu naiandika kwa maneno na kwa tarakimu, "saa moja usiku, 19:00". Hili la tarakimu nimelazimika. Niliwahi kuwa na mwanafunzi mpya aliyesoma "saa moja" akaelewa saa saba mchana, na sikumlaumu, maana hajui bado kwamba sisi tunaanza kuhesabu jua linapochomoza.

Tatu, nilikwenda sokoni Darajani nikanunua saa mbili za ukutani, za kawaida tu. Nikazitundika juu ya kompyuta na kubandika karatasi chini yake, LONDON na NEW YORK. Binti yangu wa darasa la nne akajipa kazi ya kuzitunza. Jumapili ya tarehe 27 Oktoba, baada ya chai, alipanda kigoda, akaishusha ya London, akazungusha kile kitufe cha nyuma taratibu huku amebana ulimi kwa meno, mshale ukarudi saa nzima.

"Na hii, mama?" Ameshika ya New York.

"Hiyo bado. Wiki ijayo."

"Kwa nini hawangojani?"

Nikamwambia kila nchi ina sheria yake. Hakuridhika. Alichukua kalamu akaandika kwenye karatasi ya New York, pembeni, "bado", na Jumapili ya tarehe 3 Novemba, saa tatu asubuhi, akapanda tena kigoda, akairudisha, akalifuta neno lake kwa kidole alichokilowesha mate.

Kesho yake, Jumatatu, nilikaa mbele ya kompyuta saa moja usiku kasoro dakika tano. Nimeshaswali, watoto wako sebuleni na kazi zao za skuli. Wote watatu wakaingia kwa wakati.

"Habari za jioni, Mwalimu," akasema mmoja.

Mwenzake akamsahihisha kabla yangu: "Wiki iliyopita ilikuwa jioni. Sasa kwa Mwalimu ni usiku."