Mama wa kambo na dumu la mafuta: uzoefu wangu

Niliolewa mwaka 2021 na mwanamume aliyekuwa amefiwa na mkewe miaka miwili kabla, nikaingia katika nyumba ya Kimara, Dar es Salaam, yenye binti wa miaka 11, mdogo wake wa kiume wa miaka 7, na shemeji yangu aliyekuwa akisoma chuo. Nami nilikwenda na mtoto wangu wa mwaka mmoja mgongoni. Ukimhesabu na dada wa kazi, tulikuwa watu saba. Mume wangu ni dereva wa lori la masafa marefu. Akielekea Tunduma huweza kukaa njiani siku tano au sita, hasa foleni ya mpakani ikiwa ndefu. Mimi ni karani katika ofisi ya uwakala wa forodha mjini, natoka nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri na kurudi saa moja usiku. Kwa hiyo chakula cha nyumba ile, ambacho ndicho habari yenyewe ninayotaka kuieleza, kilipikwa na kuliwa kwa sehemu kubwa nikiwa sipo.

Watoto waliniita Ma'mdogo. Bibi yao mzaa mama, anayeishi Muheza, ndiye aliyewaelekeza waniite hivyo, na nililipenda jina hilo kwa sababu halikuwalazimisha kusema neno ambalo lilikuwa na mwenyewe. Hata hivyo, kila mtu aliyekua akisimuliwa hadithi jioni anamjua mama wa kambo ni nani: ndiye ampaye mtoto wa mwenzake ukoko huku wanawe wakila nyama. Niliingia nikiwa nimekwisha kushtakiwa, nami nikaamua kujitetea kwa sufuria. Nilihakikisha kuna wali wa nazi, kuna chapati zinazong'aa mafuta, kuna soda kila Jumapili na sukari mezani isiyopimwa. Jirani akipita akawaona watoto wamenawiri, nilihesabu kwamba nimempata shahidi mwingine. Katika miaka miwili hiyo mimi mwenyewe niliongezeka kilo 11, na sikuona ajabu.

Mwezi Machi 2023 mume wangu alirudi safari akilalamika kichwa, akaenda kupima katika zahanati ya jirani, akakutwa na presha ya 164 kwa 102. Aliambiwa arudi siku nyingine mbili kwa kuwa kipimo kimoja hakitoshi, na mara zote mbili ikawa juu ya 140 kwa 90. Akaandikiwa dawa ya kumeza kila siku na kuambiwa apunguze chumvi, mafuta na uzito. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai. Nilipiga hesabu yetu usiku ule: pakiti ya nusu kilo ilikuwa ikituishia kwa siku nane, sawa na gramu 9 hivi kwa siku kwa kila kichwa, mtoto wa miaka mitatu akiwemo, na hapo sijagusa viungo vya pakiti wala ng'onda tuliyokuwa tukiila karibu kila wiki.

Mume wangu aliniomba jambo moja. Alisema mama yao watoto aliumwa wiki tatu tu akafariki, na kwamba wakisikia baba naye anaumwa hawatapata usingizi, basi nisiwaambie. Nikakubali. Kosa langu kubwa katika habari hii yote ni kukubali huko, kwa maana nilichukua jukumu la kubadilisha chakula cha watoto wasio wangu huku nikiwa nimefungwa mdomo kuhusu sababu yake.

Nilianza kwa bidii ya mtu aliyeogopa. Sembe ikaondoka, ikaja dona. Soda ikakoma. Kopo la sukari likahamia kabatini. Mafuta ndiyo yaliyonishughulisha zaidi, kwa kuwa dada wa kazi alikuwa akimimina kwa mkono, na kwake mboga isiyong'aa ni aibu ya mpishi. Dumu la lita 5 lilikuwa likiisha kwa siku 14, na nilitaka kujua yanakwenda wapi. Nikabandika kipande cha plasta ubavuni mwa dumu, nikaandika tarehe niliyolifungua, na kila Jumapili nikawa nachora mstari kwa kalamu ya wino mzito mahali mafuta yalipofikia. Katika akili yangu ya kikarani kile kilikuwa kipimo tu, kama tunavyofanya kwa shehena bandarini.

Wiki ya tatu bibi alinipigia simu nikiwa kazini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko?"

"Hatujambo mama, wote wazima."

"Nashukuru. Mimi nimezaa sita, na wajukuu nimewalea. Mafuta huwekewa alama yanapoibwa. Sasa niambie, nani anaiba humo ndani?"

Nilitoka nje ya ofisi nikasimama kwenye korido nikitafuta jibu. Jibu la kweli sikuwa na ruhusa ya kulitoa, na la uongo halikunijia. Nikasema tunabana matumizi kidogo. Bibi akanyamaza muda mrefu, kisha akasema kwamba atakuja kuwaona wajukuu zake. Hakuuliza kama nafasi ipo.

Kabla hajafika, nilikuwa nikifagia chumba cha watoto siku ya Jumamosi, ufagio ukagonga kitu chini ya kitanda cha binti. Ilikuwa chupa ya maji ya nusu lita, imefungwa karatasi ya daftari kwa mpira, na ndani yake mlikuwa na mafuta ya kula, robo tatu. Nilimwuliza dada wa kazi, naye baada ya kuzungukazunguka akasema kweli: binti alikuwa akiacha kupanda daladala ya kurudi kutoka shule, akitembea, na nauli akinunulia mafuta ya kupima dukani, ili mimi nikiwa kazini amkaangie mdogo wake mayai na viazi. Hakuwa akijipikia yeye. Nilikaa juu ya kitanda kile na chupa mkononi. Binti wa miaka 13 alikuwa amejipa kazi ya kumlinda mdogo wake dhidi yangu, na kwa ushahidi aliokuwa nao hakukosea. Nikairudisha chupa mahali pake.

Bibi alishuka kwenye basi na kiroba cha machungwa ya Muheza, nazi kumi na mihogo. Usiku ule mume wangu naye alifika kutoka safari, na baada ya swala ya isha nilimwita chumbani nikamwambia kwamba ama aseme yeye au nitasema mimi. Sikulia, wala sikupandisha sauti. Nilimwonyesha chupa tu.

Aliwaita wote sebuleni, akaweka paketi ya vidonge juu ya meza, akaeleza presha ni nini na kwa nini chakula kimebadilika. Binti ndiye aliyeuliza, na aliuliza akiwa ameangalia vidonge: "Mama naye alianza hivi?" Baba yake akasema hapana, ule ulikuwa ugonjwa mwingine, na huu watu huishi nao miaka mingi wakifuata dawa na wakila vizuri. Kukawa kimya. Kisha binti akauliza kwa nini Ma'mdogo hakusema. "Nilimkataza," akajibu. Katika ndoa yangu sijawahi kufanyiwa wema mkubwa kuliko neno hilo moja lililosemwa mbele ya mkwewe.

Bibi alikaa wiki mbili, na nakiri kwamba alimfundisha dada wa kazi katika siku hizo mambo ambayo mimi nilishindwa kwa mwezi mzima, kwa kuwa hakuzungumzia afya hata mara moja, alizungumzia utamu. Chumvi alitia mwishoni, chakula kikikaribia kuiva, akisema ikitiwa mapema mpishi huionja, haisikii, akaongeza tena. Samaki wabichi aliwachemsha kwa ndimu, tangawizi, kitunguu saumu na pilipili nzima isiyopasuliwa. Mchicha aliupika na ngogwe na nyanya nyingi, akiyapima mafuta kwa kijiko badala ya mkono. Nilichoshindwa kumshawishi ni nazi. Nilijaribu kudokeza kwamba tui nalo ni mafuta, akaniangalia kama mtu anayemwonea huruma mgeni, nikaliacha. Siku hizi wali wa nazi tunaupika mara moja kwa wiki na tui tunalitia jepesi.

Plasta niliibandua mwenyewe. Binti, anayependa hesabu, alipendekeza kuandika kwenye kalenda ya ukutani siku dumu linapofunguliwa na siku linapoisha, bila mistari ya katikati, na yeye ndiye mwandishi. Dumu sasa hufika siku 24 au 25. Chumvi ya nusu kilo huvuka wiki mbili. Tulinunua pia mashine ya kupimia presha nyumbani, na binti akajitwalia daftari. Amesoma maelekezo yaliyokuja nayo kuliko sisi sote: baba aketi dakika tano kwanza, mgongo uegemee kiti, miguu yote miwili chini, mkono uwe usawa wa moyo, na asizungumze. Akizungumza, kipimo kinarudiwa. Nimemwona mwanamume anayeendesha lori la tani 30 akinyamazishwa kwa kidole.

Safarini ndiko kulikokuwa kugumu zaidi, kwa maana vituo vya njiani vinauza chipsi, nyama choma na soda, na dereva aliyechoka hali kwa kufikiri. Tulimnunulia hotpoti mbili kubwa. Siku ya kwanza hushiba cha nyumbani, na kwa siku zinazofuata alizungumza na mama ntilie wawili anaowaamini, ambao humpikia maharage na mboga za majani na kumtengea kabla hawajatia chumvi. Akirudi hununua vitunguu Ruaha Mbuyuni na nyanya Ilula, na mizigo hiyo, nadhani, imesaidia jiko letu kuliko mashauri yangu. Alipojisikia nafuu aliacha dawa kimya kimya. Daftari la binti lilimfichua ndani ya siku kumi.

Kuhusu mazoezi sina mengi ya kusema. Inashauriwa mtu mzima apate walau dakika 150 kwa wiki na mtoto dakika 60 kila siku. Watoto wangu hazikuwapungukia, kwani rede na kuruka kamba zilikuwapo uani tangu mwanzo. Aliyepungukiwa ni mimi. Nilianza kushuka mwendokasi vituo viwili kabla ya kwetu na kutembea, na Jumamosi huenda na mtoto wa kiume sokoni kule Mahakama ya Ndizi, ambako yeye ndiye anayechagua mboga na kujadili bei, kwa kuwa niligundua mboga aliyoipunguzia bei mwenyewe huila bila kubembelezwa. Nimepungua kilo 4 kati ya zile 11, na zilizobaki zimegoma.

Mengine yameshindikana na nimeyaacha yashindikane. Dona tupu ilikataliwa, basi tunachanganya nusu kwa nusu na sembe, na bado mdogo anadai inanuka. Shemeji yangu hula chipsi mayai huko chuoni na kuja nyumbani kusifia mchicha. Soda imerudi, ila kwa sikukuu na wageni. Na nimejiwekea utaratibu ambao sijauvunja: jambo lolote la kuondolewa mezani, anayelitangaza ni baba yao, akiwa amekaa nao, na linaanza kwa sahani yake na yangu. Mimi hutangaza yanayoongezwa.

Liko jambo moja ambalo sikuligusa tangu mwanzo, na nafurahi kwamba hata katika wiki zile za woga sikuligusa. Marehemu mama yao alikuwa akipika maandazi kila Jumamosi asubuhi, ya tui zito na iliki nyingi, na binti aliendelea nayo baada yake. Mafuta ya maandazi hayo hayahesabiwi kwenye kalenda, kwa amri yake. Yeye hukanda usiku, huamka kabla ya wote, na sisi wengine huwa hatuingii jikoni mpaka atakapotoa karai motoni. Nilikuwa nikikaa sebuleni nikisikiliza mafuta yakichemka.

Jumamosi moja mwezi uliopita aliniita. "Ma'mdogo, njoo uniangalizie karai, baba anataka kuondoka na sijampima." Akanikabidhi mwiko wenye matundu akapita. Yalikuwa matano, yamevimba upande mmoja, na sikujua yeye huyageuza yakifika rangi gani. Nikasikia baba yake akianza kusema kitu na kunyamazishwa. Nikageuza la kwanza, jepesi mno. Kisha sauti ikatoka sebuleni, ikisomea daftarini: "Mia thelathini na mbili kwa themanini na nne," na kabla sijajibu: "Ma'mdogo, usiyaunguze."