Nilimwita kijana mwongo, kumbe namba zilikuwa kweli

Mwaka 1999 na 2000 kazi yangu ilikuwa kuzunguka vijiji vya Kilosa nikiorodhesha visima: kipo wapi, pampu inavuta au imekufa, maji yana chumvi au hayana. Mradi ulinipa GPS mbili za mkononi, ramani za 1:50,000 na maelekezo mepesi: simama kisimani, subiri setilaiti nne, andika namba.

Kisima cha kwanza tu niliiweka mashine juu ya zege, nikakalia ndoo iliyopinduliwa. Namba za mashariki, zile zinazosema uko mita ngapi upande huo, zikaanza kupanda taratibu: mita tano, kumi na mbili, arobaini. Zikasimama, zikarudi, zikapitiliza upande wa pili. Mzee mmoja aliyekuwa kwenye foleni ya maji akachungulia kioo, akauliza, "Kwani kisima chetu kinahama?"

Sikuwa na jibu la haraka. Wakati ule wenye mfumo, yaani jeshi la Marekani, walikuwa wakiiharibu kwa makusudi ishara ya raia. Walichezea saa za kwenye setilaiti ili sisi wengine tupate mahali kwa kosa linalofika mita 100, na wao wakabaki na ufunguo wa siri wa kulifuta kosa hilo. Siku hizi tungesema walikuwa wanachakachua. Mita 100 ni milimita mbili tu kwenye ramani ile, lakini milimita mbili zinatosha kukitoa kisima kitongoji hiki na kukipeleka kile, na hapo umeshaanzisha ugomvi wa watu wasiokuhusu.

Kukaa dakika kumi na kutafuta wastani hakukusaidia, kwa sababu kosa lenyewe lilitambaa polepole. Ungehitaji kukaa kisimani saa nyingi. Njia niliyoipata ni hii: juu ya kilima palikuwa na bikoni, yaani alama ya kudumu ya wapima ardhi ambayo mahali pake palishapimwa kwa uhakika, na namba zake nilizipata ofisi ya ramani. Nilimtafuta kijana aliyemaliza kidato cha nne, nikampa GPS moja, mwavuli na kaunta buku. Kila dakika aandike mashine inasema nini. Mimi nikaenda visimani na ile nyingine. Saa hatukugombania, kila mashine ilichukua saa ya setilaiti. Jioni kwenye taa ya chemli tunatoa: kama saa nne na dakika ishirini bikoni "ilihama" mita 38 mashariki, basi na kisima nilichokiandika dakika ileile nakipunguzia 38.

Hesabu inakubali kwa sharti moja, mashine zote mbili ziwe zinasikiliza setilaiti zilezile, maana kila setilaiti ilidanganya kivyake. Tukawa tunaandika na namba za setilaiti. Zisipolingana, tunatupa. Visima vilivyo chini ya miembe vilinitesa sana, kwa kuwa mwembe ukifunika setilaiti moja mimi napoteza, kijana kilimani bado anayo.

Mei Mosi ya mwaka 2000 tulipumzika. Kesho yake, Jumanne, kijana alipanda kilimani mapema, akaanza kuandika saa kumi na mbili na nusu. Jioni nikafungua kaunta buku. Nusu saa ya kwanza namba zinakimbia kama kawaida. Kuanzia saa moja kamili, kimya. Zinatofautiana mita mbili, tatu, mara moja moja tano, ukurasa baada ya ukurasa hadi alasiri. Mwandiko msafi, wino uleule.

Nikamwambia wazi kwamba amelala kivulini na kunakili. "Kaka, mimi nimeandika nilichokiona," akasema. Nikamwambia siku hiyo hana posho, tena nilisema mbele ya mama yake aliyekuwa anatuandalia chakula. Hakubishana. Alikunja mwavuli, akauegemeza ukutani, akatoka.

Usiku usingizi uligoma. Nikaitoa mashine nje, nikaiweka juu ya kinu kilichofudikizwa, nikaitazama saa nzima na tochi. Haikuhama.

Habari kamili niliikuta Morogoro siku chache baadaye. Rais Clinton alikuwa ameagiza uchakachuaji usimamishwe. Mwaka 1996 serikali yake iliahidi kuuondoa ndani ya miaka kumi, ila hawakusubiri yote. Waliuzima saa sita usiku ya Washington kuamkia tarehe 2 Mei, ambayo kwetu ni saa moja asubuhi. Kijana wangu alikuwa ameinasa dakika yenyewe kwa kalamu. Nilirudi na posho yake, nikaomba radhi mbele ya mama yake vilevile.

Baada ya hapo tuliacha bikoni, tukagawana vijiji. Kazi ikaenda mbio, mpaka nilipochora visima vipya kwenye ramani. Vyote vilikuwa vimeruka kusini karibu mita 300, kimoja kikaangukia ng'ambo ya mto. Safari hii Marekani hawakuwamo. Ramani zetu zimejengwa juu ya msingi wa Arc 1960, mfumo wa zamani wa kupimia mahali huku kwetu, na mashine nilikuwa nimeiacha kwenye WGS 84, mfumo wa dunia nzima wa GPS, tangu ilipotoka kwenye boksi. Zamani kule kutoa kwa namba za bikoni kulikuwa kunalifuta kosa hilo bila mimi kujua, na tofauti kubwa niliyokuwa naiona kila jioni nilimsingizia Clinton. Dawa ilikuwa kuingia kwenye menyu na kuchagua Arc 1960. Nusu dakika.

Kijana yule sasa ndiye mpima, mimi nimestaafu. Anatumia mashine ya kwenye fimbo inayopokea ishara zaidi ya moja ya raia: setilaiti zenye ishara ya pili zilianza kurushwa 2005, zenye ya tatu 2010. Faida yake kubwa ni kwenye ionosfia, tabaka la juu angani lenye chembe za umeme, ambalo kwetu ukanda wa joto huvuruga hasa jua likishazama. Ishara mbili za masafa tofauti hucheleweshwa tofauti, na kwa tofauti hiyo mashine inafuta sehemu kubwa ya kosa la kuchelewa huko. Uchakachuaji nao ulizikwa 2007, walipotangaza kwamba kizazi kipya cha setilaiti hakitajengewa uwezo huo. Ya kwanza ya kizazi hicho ilipaa Desemba 2018.

GPS yangu ya zamani bado ninayo. Kihesabio chake huhesabu wiki 1024 kikaanza upya, na Aprili 2019 ilirudi Agosti 1999, tangu hapo tarehe yake iko nyuma karibu miaka ishirini. Kijana alipokuja kunisalimia aliiona dirishani imewashwa, akaisoma tarehe, kisha akazitazama namba kwa muda mrefu. Zimetulia.

"Kaka," akasema, "nitafute kaunta buku?"