Huu mwengine, kaa kitako

Leo siku ya nne, sauti ya yule mtoto wa darasa la sita haijanitoka. Tulikuwa kwenye Agosti 27, 1896, manowari za Waingereza zinalipiga kasri la Mji Mkongwe, vita vya dakika kama arubaini tu. Nimeshika chaki, nimenogewa na mizinga yangu. Nyuma ukanyanyuka mkono.

"Mwalimu, mzinga si wa nyuki?"

Darasa zima likacheka. Nami, Mola anisamehe, nikasema, "Huu mwengine. Kaa kitako."

Mwengine! Neno ni lile lile, na mwenye kosa ndiye mwenye chaki. Akakaa, akageukia dirishani, na tangu siku hiyo hajauliza kitu.

Jumamosi tulimuoza mdogo wangu, watu wakala wakasaza, lakini mimi hata mbele ya sinia la pilau nilikuwa nalijibu upya lile swali. Umeuliza vyema, mwanangu. Hebu njoo mbele. Halafu naisikia tena: huu mwengine, kaa kitako.

Jana nikamwendea ami, mfuga nyuki wa Konde. Hakunijibu. Alinipeleka uani kwenye gogo analolichonga liwe mzinga wa nyuki, keshalitoboa likawa tundu moja toka huku hadi kule. Akalilaza, mdomo akaunielekezea mimi.

"Haya, kimbia."

Tukacheka mpaka akakohoa. Basi mtu wa pwani, na mizinga yake imo mitini tangu enzi, kaletewa na Mreno bomba la chuma lenye tundu kama lile, angeliitaje?

Usiku nikaingia kwenye kamusi. Bomu nalo, ukilirudisha nyuma, linakwenda hadi Kilatini, bombus, na kabla yake Kigiriki, bombos: mvumo mzito. Na Wagiriki neno hilo waliutajia hata mvumo wa nyuki! Nilipiga kelele peke yangu, mama akauliza chumbani kuna nini. Huku lilikuja kwa gogo, kule kwa sauti, na pande zote mbili nyuki wamo.

Kesho kipindi cha kwanza ni changu. Nimeshamuomba ami lile gogo, sijui nitalipandishaje kwenye daladala.

Ila upepo umegeuka tangu magharibi. Karafuu za mama zina siku mbili tu juani, na jamvi tulilozifunikia lina tundu. Zikiingia maji zitakuwa mpeta, karafuu zilizoharibika, na deni la harusi bado.