Chuma chakavu, vipuri au nibadilishane?

Leo mchana nimetoka eneo la Gerezani, Dar es Salaam, na bei tatu za gari langu kichwani, na hakuna hata moja iliyonifurahisha.

Gari lenyewe ni Toyota Corolla ya mwaka 1998. Injini bado inawaka papo hapo, ila fundi alipochomeka bisibisi chini ya mlango wa dereva, ilizama hadi kwenye mpini, na kutu ikamwagika sakafuni kama unga wa kahawa.

Mnunuzi wa chuma chakavu hakutaka hata kuisikia injini. Yeye anahesabu kilo.

Muuza magari yuko tayari kulipokea endapo nitaongeza pesa nichukue jingine, lakini thamani aliyoliwekea langu inakaribia ile ya chuma, jambo ambalo kwangu ni dharau.

Dalali naye ana mteja anayelitaka kwa vipuri, kwa kuwa injini, giaboksi na taa vikiuzwa kimoja kimoja huleta pesa zaidi ya gari zima lililooza bodi.

Ninaelekea kwa huyo wa tatu, ilimradi usajili ufutwe TRA (Mamlaka ya Mapato) kwanza, maana namba zangu zikifungwa kwenye gari jingine, faini zitakuja kwa jina langu.

Ndugu mliowahi kuuza gari kwa vipuri, vibao vya namba mlibaki navyo?