Elfu Ishirini na Tano

Mwaka 2018 nilikuwa Dar es Salaam, nikitunza mfumo wa hesabu wa chama kimoja cha kuweka na kukopa. Miongoni mwa vitu nilivyokuwa nikihama navyo kutoka kazi hadi kazi kilikuwamo kipande cha msimbo wa Python, lugha ya kuandikia programu, mistari 62 tu, ambacho kiligeuza tarakimu kuwa maneno, ili hati ya malipo ya 170,000 iandikwe chini yake "laki moja na elfu sabini". Nilikuwa nimekinakili katika miradi minne, na kila nilipokirekebisha katika mmoja, ile mingine mitatu ilibaki na makosa yake.

Ofisini tulikuwa na kaka mmoja aliyeanzia kazi kwenye Perl, lugha nyingine ya programu. Siku aliyoniona nikinakili faili lile kwa mara ya nne alicheka, akaniambia, "Mdogo wangu, sisi tulikuwa hatuandiki kitu kabla ya kuchungulia CPAN." Alikuwa akisema juu ya hazina ya watu wa Perl, ambayo tangu mwaka 1995 imekuwa mahali pa kuweka msimbo wako ili mwenzako asianze upya. Sisi wa Python tulikuwa na hazina yetu ya namna hiyo, PyPI, nami nilipakua vitu humo karibu kila siku bila kuwahi kuweka hata kimoja. Nilimjibu kwamba mistari 62 ni aibu kuipeleka hadharani. Akanikumbusha kisa cha Machi 2016, pale mwandishi mmoja wa JavaScript alipoondoa vifurushi vyake vya msimbo kwenye npm, hazina ya watu wa JavaScript, kikiwamo kimoja cha mistari 11 kilichokuwa kikijazia nafasi upande wa kushoto wa maandishi, na miradi ya watu wengi duniani ikakwama kwa saa kadhaa. Nilijua kisa hicho husimuliwa ili kuonya kuhusu kutegemea vitu vya watu. Yeye alikitumia kunitoa woga: kama mistari 11 ilitegemewa na watu wengi hivyo, 62 si aibu.

Jumamosi moja usiku niliandika maelezo, nikachagua leseni ya MIT, inayomruhusu yeyote kuutumia msimbo, nikapakia toleo 0.1 kwenye PyPI kwa twine, programu ya kupakilia vifurushi huko. Kisha, kwa furaha ya kitoto, nilifungua kompyuta nyingine na kulisakinisha. Lilisakinika vizuri kabisa, isipokuwa ndani hamkuwa na kitu: kwenye setup.py, faili linaloeleza kifurushi kina nini, nilikuwa nimesahau kulitaja folda lenye msimbo wenyewe, kwa hiyo nilikuwa nimeutangazia ulimwengu bahasha tupu. Nikalifuta toleo lile, nikarekebisha, nikapakia tena kwa namba ileile, na PyPI ikakataa. Jina la faili, ambalo hubeba namba ya toleo, likishatumika pale halirudiwi, hata ukilifuta, kwa sababu aliyekwisha kulipakua anapaswa kuwa na uhakika kwamba jina lile halitakuja kubeba kitu kingine. Usiku ule nililiona sharti hilo kuwa ukaidi mtupu. Ndiyo maana toleo la kwanza la kifurushi changu lenye kitu ndani ni 0.1.1.

Wiki tatu zikapita kimya. Kisha nikapata ujumbe kutoka kwa dada mmoja wa Mombasa ambaye hadi leo hatujaonana. "Kaka," aliandika, "ahsante kwa kazi hii. Nimejaribu 25,000, kisha nikajaribu 20,005. Naomba na wewe ujaribu." Nilijaribu. Zote mbili zilitoa "elfu ishirini na tano", herufi kwa herufi.

Nilikaa nikiitazama skrini. Nimezaliwa nikisema elfu ishirini na tano, na miaka miwili msimbo ule ulikuwa ukichapa hati za pesa, lakini haukuwahi kunipitikia akilini utata huo, kwa kuwa sokoni hakuna anayedai shilingi tano juu ya elfu ishirini, na akidai atasema "na shilingi tano" kwa sauti. Mashine haina sauti hiyo. Nilipendekeza tuweke mkato, "elfu ishirini, na tano". Nikaenda kumwonyesha mama mhasibu wetu, ambaye hakuhitaji hata kuvaa miwani: "Mwanangu, mkato kwenye karatasi ya pesa? Mtu si atauongeza kwa kalamu?"

Tuliandikiana na yule dada kwa siku nne, mara nyingi tukibishana juu ya masikio kuliko juu ya Python. Yeye alitaka kiasi kitangulie: "ishirini na tano elfu" kwa 25,000, na "ishirini elfu na tano" kwa 20,005. Masikioni mwangu ilikuwa nzito, lakini hakuna aliyeweza kuisoma kwa namna mbili, nami nikashindwa hoja. Aliandika marekebisho mwenyewe, pamoja na majaribio ya kila namba kuanzia 1 hadi 999,999 yaliyothibitisha kwamba hakuna namba mbili zinazotoa maneno yaleyale. Majaribio hayo yalikuwa mafupi kuliko maelezo yangu ya kukipamba kifurushi. Tukatoa toleo 0.2.0, nalo ndilo nililoliweka katika miradi yote minne, baada ya kufuta nakala zangu za zamani moja baada ya nyingine.

Kilichobaki kilikuwa makabrasha. Malipo ya kawaida yalikuwa salama, kwa kuwa yaliishia kwenye mamia, lakini faida za akiba zilikokotolewa na mashine na zilitoka na shilingi zisizo na mpango. Mimi na mama mhasibu tulifungua mafaili mchana kutwa, tukaipata hati moja: tarakimu 40,003, maneno "elfu arobaini na tatu". Mwanachama alikuwa amelipwa kwa kufuata tarakimu. Mama alichukua kalamu nyekundu, akakata neno "tatu", akaandika juu yake "shilingi tatu", akatia sahihi na tarehe, kisha akanisogezea karatasi ili na mimi nitie yangu.